Lenzi ya Hamsini Niliyomnunulia Baba

Nguo za baba zilinuka udongo wa chini. Si ule udongo wa shambani unaonukia vizuri mvua ya kwanza ikidondoka. Huu ulikuwa udongo uliokaa gizani tangu dunia iumbwe, wenye harufu ya chuma, jasho na baruti. Kila Jumamosi jioni aliziacha kwenye ndoo mlangoni, na kila Jumapili asubuhi nilizifua na kuzisuuza mara tatu, na maji ya mara ya tatu bado yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilizianika kwenye waya uani, zikakauka, nikazikunja, na hadi Jumatano chumba kizima kilikuwa bado kinanuka vilevile. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiishi Geita katika chumba kimoja cha kupanga, na harufu ile ndiyo iliyokuwa baba yangu kwa siku tano na nusu za kila juma. Baba mwenyewe nilimpata siku moja na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo alikuwa amelala.

Nilikuwa nimetoka Mhunze, kwa bibi mzaa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa sijaota meno. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekwisha, na ilikuwa ile miezi ya kusubiri matokeo, ambayo mtoto si mwanafunzi tena wala si mtu mzima: anatumwa na kila mtu, na yeye hana wa kumtuma. Ndipo baba alipopiga simu kwamba niende Geita, nikakae naye mpaka majibu yatoke. Sikulala vizuri siku tatu kwa furaha. Bibi alinifungia michembe kwenye kiroba, viazi vyake alivyovikausha mwenyewe juani, akanishika kichwa na kuniambia kwa Kisukuma nikamwangalie mwanawe, maana sauti yake kwenye simu ilikuwa imepungua. Nilidhani naenda kuishi na baba. Kumbe nilikuwa naenda kumlindia chumba.

Alikuwa akifanya kazi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mbali kidogo na mji. Kikosi chao kililala hukohuko kambini ili zamu zisikatike. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, ua mwembamba katikati na uzio wa mabati kwa nyuma. Mwenye nyumba aliitwa Mama Shufaa, mwanamke wa Tanga aliyekuwa Geita miaka mingi kuliko wachimbaji wengi. Alfajiri aliuza vitumbua, mchana akatembeza khanga, na katikati ya hayo alikuwa na jicho la kuona kila sufuria iliyokuwa jikoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikiunguruma tangu kunapokucha, hata mtu akizungumza nawe ulilazimika kumtazama mdomo. Mimi hiyo haikunisumbua, kwa kuwa hakuna aliyezungumza nami. Watoto wa pale walikuwa na shule zao, na wale wasiokuwa nazo walinicheka Kiswahili changu cha Mhunze. Nilikuwa mpweke, na sijui namna nyingine ya kulisema. Ilifika siku nikajikuta naliambia jiko la mkaa kwamba ugali umeiva, tena kwa heshima.

Katika kufagia, nikalivuta sanduku la baba kutoka chini ya kitanda, na ndani yake, imeviringishwa kwenye shati ninalolikumbuka, nikakuta kamera. Hapo lazima nieleze. Kabla ya Geita, baba yangu alikuwa mpiga picha. Mnadani Mhunze, siku za ng'ombe, alikuwa akifika na baiskeli, kamera shingoni, na kabla hajaiegesha watu walikwishaanza kucheka. Alikuwa na neno la kila mtu. Wazee aliwasalimia kwa majina ya ng'ombe wao, kina mama aliwaambia wasitabasamu sana wasije wakavunja kioo. Kisha alikwenda Shinyanga mjini kusafisha picha, na juma lililofuata alirudi nazo kwenye bahasha, watu wakimzunguka wakitafuta sura zao. Halafu simu zenye kamera zikaenea. Mwaka mmoja watu walipungua, mwaka uliofuata wakamwomba awapige kwa simu zao wenyewe, bure. Akauza lenzi yake ili apate nauli na mtaji wa kuanzia Geita. Mwili wa kamera haukupata mnunuzi, kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa kimekufa.

Nililikalia lile sanduku muda mrefu, kamera mapajani. Baba niliyekuwa naye Geita hakuwa na neno la mtu yeyote. Aliniuliza kama nimekula, akaniuliza kama mkaa upo, akalala. Nikiwa mtoto nilifanya hesabu yangu, nikaona jibu liko wazi: yule baba wa mnadani hajafa, amekosa lenzi tu. Nikimpatia lenzi ataacha lile shimo, tutarudi Mhunze, bibi atamsikia anacheka. Nilikuwa na uhakika kabisa. Sijawahi kuwa na uhakika wa namna ile tena juu ya jambo lolote.

Bibi alikuwa amenifundisha kusuka nywele, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nikamsuka Shufaa, binti wa mwenye nyumba, bure, na mama yake akawatangazia wateja wake wa vitumbua kwamba kuna mtoto wa Kisukuma hapa, anasuka mistari iliyonyooka kuliko barabara ya Geita. Wakaja. Baada ya majuma matano nilikuwa na kitu mkononi, nikaanza kuzunguka sokoni kwa wauza vifaa vilivyotumika.

Nilimpata muuzaji mmoja nyuma ya soko, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbele yake turubai lililojaa rimoti, chaja, redio zisizo na mifuniko na simu zilizofunguliwa matumbo. Katikati ya makorokoro hayo kulikuwa na lenzi, fupi, nyeusi, ya plastiki. Hakuwa ameiweka kwa kuuza. Alikuwa akiigeuza nyuma mbele na kuitumia kama kioo cha kukuzia skrubu ndogo za simu. Nikamwomba niishike. Pembeni ya kioo kulikuwa na mchubuko mwembamba, na ukingo ulionyesha kwamba iliwahi kuanguka. Lakini mimi nilikuwa natafuta namba. Nilikumbuka lenzi ya baba ilivyoandikwa: kumi na nane, kistari, hamsini na tano. Hii iliandikwa hamsini. Nikaona ni pungufu ya tano tu, na kwa kitu kilichotumika, pungufu ya tano si neno.

"Shikamoo, kaka. Hii inafanya kazi?"

"Marahaba. Kwangu inafanya. Kwako sijui unataka ifanye nini."

Nikamwambia ni ya baba yangu, mpiga picha mkubwa wa Mhunze. Akanitazama, akatazama kandambili zangu, akataja bei. Nikataja nusu yake. Akacheka, akasema nimempunguzia mpaka mfupa. Nikamwambia kizuri chajiuza, na yeye hii hata hajaitangaza. Tukakutana katikati, na akanifungia kwenye gazeti. Nilitembea kurudi nyumbani nimeibana kwapani, namwogopa kila kijana wa bodaboda aliyepita karibu yangu.

Jumamosi baba alipofika nilimwacha aoge, nikampa ugali na dagaa, nikangoja anawe mikono. Kisha nikamwekea gazeti mezani. Alilifungua polepole. Aliitazama lenzi, akaitazama tena, akainama na kulivuta sanduku bila kuniuliza nimejuaje. Ilipoingia kwenye kamera ikatoa ule mlio mdogo wa kufunga, na naapa niliuona uso wake ukirudi, ule wa mnadani, kwa muda wa pumzi mbili. Betri nilikuwa nimeichaji kwa Mama Shufaa. Baba akainua kamera, akanitazama kupitia lenzi. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine. Mgongo wake ukagonga mlango, akasimama pale, akashusha kamera.

"Kabula, mwanangu," alisema. "Umenunua hamsini peke yake."

Akanikalisha kitandani akanieleza, taratibu, na upole wake ndio ulioniumiza. Lenzi ile haivuti. Haisogezi kitu karibu wala haikirudishi mbali, inaona kiasi kilekile siku zote. Ukitaka kikubwa, unamsogelea mtu kwa miguu yako, na ukitaka kidogo, unarudi nyuma kwa miguu yako mpaka nafasi iishe. Ile hamsini na tano niliyoikumbuka, alisema, hata yeye alikuwa haitumii sana. Mkate wa mpiga picha ulikuwa kwenye ile kumi na nane, iliyoweza kuibeba familia nzima ndani ya chumba pamoja na kochi lao. Kisha akasema "wabeja", asante ya kwetu, akanipapasa kichwa kama nilivyopapaswa na bibi, akalala.

Kesho yake, labda kwa kunionea huruma, aliamua kuijaribu. Alikuja mwenzake wa shimoni, Juma wa Kigoma, aliyetaka picha ya kumpelekea mama yake. Juma alikuwa amevaa viatu vyeupe vya kikosi. Walikuwa na jozi moja, watu saba, waliichanga na kuitunza ndani ya boksi lake kwa ajili ya picha tu, na kila mmoja kwa zamu yake aliivaa hata kama vidole vimejikunja. Picha ya kwenda nyumbani ni lazima iwe nzima, kutoka kofia hadi soli, maana mama huko kijijini anaanza kutazama miguuni. Mguu wenye kiatu kizuri unamwambia mwanawe hajapotea bure. Baba akamsimamisha Juma mlangoni, akarudi nyuma, akarudi, mabati ya uzio yakamzuia. Akachuchumaa, akabana mgongo. Akapiga. Juma akaja kuchungulia kwenye kile kioo kidogo cha nyuma.

"Baba Kabula, viatu viko wapi?"

"Havijaingia."

"Sasa mimi nimejibana haya mavidole ya nini? Mama ataona sura. Sura yangu anaijua toka zamani!"

Ua mzima ukacheka, na baba akacheka pia, kicheko cha mtu anayefunga duka. Akanivalisha kamera shingoni, akaniambia nichezee mimi. Jumatatu alfajiri akarudi kwenye duara. Mimi nikalia hadi Mama Shufaa akaja kuuliza kama kuna msiba.

Basi nikaanza kuitumia mwenyewe, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Ilikuwa lenzi yenye tabia zake. Ukiiachia itafute yenyewe, mota yake ililia na kwenda mbele na nyuma bila kukamata kitu, kwa hiyo nilizoea kuzungusha ule ukanda wa mbele kwa vidole mpaka jicho la mtu liwe kali. Ilipenda mwanga mdogo. Chumbani mwetu, dirisha likiwa nusu wazi, iliona vizuri kuliko mimi. Na chochote kilichokuwa nyuma ya mtu ilikififisha, mabati, ndoo na kamba za nguo vikayeyuka, akabaki mtu mwenyewe. Lakini ilinidai jambo moja nililoliogopa kuliko yote, nalo ni kusogea. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka sura ya mtu kwa hamsini sharti amfikie. Huwezi kumfikia mtu mzima hatua mbili mbele ya uso wake na kamera bila shikamoo. Ukishatoa shikamoo, utajibiwa marahaba, na baada ya marahaba utaulizwa wewe mtoto wa nani. Na nikisema mtoto wa Masanja, swali linalofuata lilikuwa lilelile: "Masanja yupi? Simjui." Nilizunguka mitaa mitatu na hakuna aliyemjua. Mtu aliyekuwa akijulikana na mnada mzima, hapa alikuwa mgongo mmoja kati ya migongo.

Hata hivyo nilipiga. Nilimpiga mama wa mihogo, nikampiga fundi cherehani. Mama Shufaa nilimpiga ameinamia karai la vitumbua, mwanga wa makaa ukimjia kutoka chini. Alipoiona picha alinyamaza, na kumnyamazisha Mama Shufaa si kazi ndogo. Kisha akasema, "Kumbe nimekuwa mzee na hakuna aliyeniambia," akanipa vitumbua vitatu. Siku hiyo nilifurahi. Lakini jioni nilirudi chumbani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimefurahi.

Picha niliyoitaka hasa ilikuwa ya baba. Jumapili moja mchana, karasha zimenyamaza, alikuwa amelala chali, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Nikachukua kamera. Nikasogea mpaka ile lenzi ikagoma, kwa kuwa ukizidi kumkaribia mtu kuliko urefu wa mkono wako haikamati tena, nikarudi nyuma inchi mbili nikazungusha ukanda. Na hapo, kupitia kioo cha mtumba, nikamwona baba yangu kwa mara ya kwanza tangu nifike Geita. Kwenye kope zake kulikuwa na vumbi ambalo maji hayakulitoa. Mashavu yalikuwa yameingia. Alikuwa na kovu jipya juu ya nyusi, limeshapona, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona likiwa bichi. Nikabonyeza.

Akafumbua macho. "Unafanya nini?"

"Nakupiga picha, baba."

Alikaa, akanyoosha mikono, nikampa kamera. Alipoiona ile picha, rangi ilimtoka. "Mtu hapigwi picha amefumba macho," alisema, sauti yake nzito. "Anayepigwa hivyo ni yule ambaye ndugu zake wanataka kumbukumbu kabla ya kufukia. Tumemtoa mwenzetu Alhamisi. Walimpiga hivihivi, kwa simu, ipelekwe kwao." Akatafuta kile kitufe cha kufutia, akaifuta.

Nilimuuliza ni nani. Akasema Juma.

Mimi nilikuwa sijui. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Alhamisi, na baba alikuwa amekuja, ameoga, amekula, ameniuliza kama mkaa upo. Nikaropoka yote niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ya sanduku. Nikamwambia sitaki kidato cha kwanza, sitaki Geita, turudi Mhunze, nitawasuka watu nywele tupate lenzi ile ya kumi na nane, wewe upige picha mnadani, bibi anakungoja. Nililia huku nasema, na kamasi zikanitoka. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali, "Nitampiga nani, Kabula? Kila mtu sasa anajipiga mwenyewe." Akaongeza, "Mtu hawezi kurudi kuwa kitu ambacho watu hawakihitaji." Jioni alikwenda kwa Mama Shufaa, akamlipa kodi ya miezi miwili mbele. Jumatatu alikwenda shimoni. Viatu vyeupe nilisikia vilizikwa pamoja na Juma.

Matokeo yalitoka, nikafaulu, nikapelekwa shule ya bweni Shinyanga. Baba alinisindikiza stendi akiwa na nguo safi nilizozifua, akanibebea begi, na kamera akanipa niende nayo. Tangu hapo nilimwona likizo kwa likizo, na likizo nyingine sikumwona. Ile lenzi ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo, hilo silikatai. Shuleni nilipiga wenzangu wote kwa hamsini ileile, uso kwa uso, na baada ya shule nikaanza na vipaimara, kisha harusi. Nilipopata lenzi za kuvuta, nzuri, niliiuza kwa kijana mmoja wa chuo. Sikulia. Vitu ni vitu, na mwenye kuishi kwa kutunza kila kitu ataishi stoo.

Baba aliacha maduara miaka minne iliyopita. Hakuacha kwa ajili yangu, kifua ndicho kilichomtoa. Daktari alisema ni vumbi la mwamba, na kwamba halitoki. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilimfuata Geita nikamleta kwangu Shinyanga, nikampa chumba chenye dirisha kubwa. Kwa hiyo kile nilichokililia nikiwa na miaka kumi na minne nimekipata: baba yangu yupo nyumbani, siku saba za juma, hana shimo la kwenda. Ukiyatazama mabadiliko ya mji huu, barabara za lami, maduka, watoto wanaopigana picha kila hatua kumi, ungesema maisha yamenyooka, na kwa kweli dhiki ile ya Geita hatuna tena. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na mimi siku hizi ndiye nisiyekuwepo. Msimu wa harusi naondoka kabla hajaamka. Nikirudi nakuta amekula peke yake, amenifunikia chakula, na mimi namuuliza kama amekunywa dawa, naenda kulala. Majirani ni wema, lakini kila mmoja yuko ndani ya geti lake. Jina lake mtaani kwetu hawalijui, wanamwita tu mzee wa mpiga picha.

Ijumaa iliyopita aliniuliza kama kesho nitashinda nyumbani. Hakuuliza kwa kulalamika, aliuliza kama mtu anayeulizia mvua. Nikamwambia kuna harusi Kahama, baba. Akasema, "Sawa, mwanangu, kazi ni kazi," akanitakia safari njema, na kikohozi kikamshika akageukia ukutani ili nisikione. Afadhali angenikasirikia. Asubuhi nikiwa njiani nilitoa simu nikapitia majina yote niliyo nayo, maharusi, wazazi wa maharusi, wapambaji, wapishi, washereheshaji, mamia ya watu niliowahi kuwatazama machoni. Nilikuwa natafuta mmoja tu ninayeweza kumpigia nimwambie aende akakae na baba yangu mpaka nirudi. Tulipofika Kahama nilikuwa nimemaliza orodha yote, na sikuwa nimempata.